Folio ya 57A

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa kwa wananchi, watumishi kumi na wanane wa ofisi ya vibali vya ujenzi walisimama ukumbini bega kwa bega, wakafanya kile kilichoitwa Duara. Viti vilisukumwa ukutani ili asiwepo wa kushawishika kukaa. Mkuu wa Utawala alisimama katikati, mikono ameikutanisha kifuani, usoni amevaa lile tabasamu lililomfanya aitwe Mama Tabasamu pale asipokuwepo, na kuuliza swali lake moja:

"Wapendwa, nani ametukwamisha jana?"

Kila mmoja alipaswa kutaja jina. Kosa lenyewe halikuulizwa, liliulizwa jina tu, na katibu wake aliliandika. Aliyesema kwamba hakukwamishwa na mtu alitazamwa kwa huruma, akakumbushwa kuwa familia haijengwi na watu wanaofichana.

Miezi ya mwanzo majina yalizunguka. Leo alitajwa dereva, kesho mhasibu, keshokutwa dada wa mapokezi. Na kwa kuwa kila aliyetajwa alihakikisha anajibu mapigo, watu wakaanza kuogopana. Mtu mmoja tu hakuwahi kujibu mapigo. Zamu yake ilipofika, karani wa masjala alijikohoza kidogo, akasema, "Hakuna, Mkuu." Haukupita muda mrefu kabla wenzake hawajagundua kwamba jina la mtu yule halimgharimu kitu anayelitaja. Basi likawa ndilo jina. Hata mpima ramani, ambaye wiki nzima alikuwa nje ya mji na hakuwa amegusa jalada lolote, alirudi Ijumaa, akasimama kwenye Duara na kusema bila kupepesa macho, "Masjala, Mkuu. Masjala imetukwamisha."

Masjala kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, nyuma ya ngazi, na rafu za chuma zilizofika darini. Humo ndimo yalimokaa majalada yote ya ofisi: ya viwanja, ya majengo na ya watumishi wenyewe. Karani alikuwa humo mwaka wa ishirini na sita. Wenzake walimwita Bwana Jalada, jina ambalo zamani lilikuwa la heshima, na sasa lilitamkwa kwa namna iliyowafanya wengine wazibe midomo. Kila karatasi iliyoingia aliigonga mhuri wa tarehe, akaitoboa, akaifunga kwa uzi ndani ya jalada lake, na juu pembeni kulia akaandika namba kwa wino mwekundu. Karatasi yenye namba hiyo ndiyo folio. Folio ya 12 hufuata ya 11, na ya 13 hufuata ya 12; mtu akinyofoa moja, pengo hubaki likimshitaki. Katika chuo cha utunzaji wa kumbukumbu, mwalimu wake aliwaambia wanafunzi kuwa karani mwema ni yule ambaye jalada lake linaweza kuaminiwa hata na adui yake. Alilishika neno hilo kama wengine wanavyoshika dini.

Ilibaki miezi kumi na mmoja astaafu. Hakuwa na ndoto kubwa. Alitaka siku ile ikifika, mtu afungue jalada lake binafsi toka folio ya kwanza, barua ya ajira, mpaka ya mwisho, barua ya shukrani, na asikute doa.

Lakini kila Jumatatu ilikuja bahasha kutoka kwa Mama Tabasamu. Ndani mlikuwa na dokezo la nusu ukurasa: *Mtumishi ametajwa mara ishirini na tatu wiki hii. Ameshauriwa kwa upendo. Liwekwe kwenye jalada lake binafsi.* Zamani majalada ya watumishi yalikuwa na karani wake wa siri; huyo alipostaafu nafasi yake haikujazwa, na kazi ikaongezwa kwa huyu. Ndiyo kusema kila Jumatatu alilitoboa kwa mikono yake dokezo linalomhukumu, akalifunga, akalipa namba.

Dokezo la kwanza lilipokuja alipanda ngazi, akagonga mlango wa Mkuu na kuuliza, kwa adabu, kama haingefaa mtu mwingine alishughulikie jalada lake.

"Jamani, kaka yangu," alisema Mama Tabasamu, akamshika mkono kama anayempa pole ya msiba. "Nani humu ndani ninayeweza kumwamini kama wewe? Utaratibu ni utaratibu. Si ndivyo unavyosema mwenyewe?"

Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe. Akashuka ngazi.

Folio ya 41 ikaja, ya 42, ya 43. Wino wake haukutetemeka, namba zake zilikuwa nzuri kama za kitabuni. Kilichoanza kutetemeka ni kitu kingine. Alianza kurudi mara mbili na mara tatu kuangalia kama amefunga mlango. Alianza kusahau majina ya watu aliofanya nao kazi miaka kumi. Jalada la kiwanja alilolitafuta asubuhi nzima alilikuta mkononi mwake. Na makosa ambayo mwanzoni hayakuwepo, yakaanza kuwepo kweli, mpaka wale waliomtaja kwa uongo wakawa hawana haja tena ya kusema uongo.

Nyumbani mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi usiolala, alimsubiri mlangoni na tepu yake shingoni.

"Baba watoto, leo wamekutaja?"

"Kidogo."

"Kutajwa kidogo ndiyo kukoje? Kama mimba kidogo?"

Binti yao kitinda mimba, aliyekuwa akisomea unesi, alicheka, kisha akaacha kucheka alipomwona baba yake ameshika kijiko na hakipeleki mdomoni.

"Baba, andika," alisema. "Hao wana wakubwa wao. Andika barua, useme kila kitu."

"Na wewe nawe, mwanangu," mama yake alidakia, "baba yako ataandika, kisha ataitafutia barua yenyewe uzi na namba mpaka wenye kuisoma wazeeke."

Hata hivyo aliandika. Ilimchukua Jumapili mbili. Ilikuwa barua ya kurasa tatu kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu, isiyo na tusi wala kilio. Ilieleza Duara ni nini, ilitaja tarehe, ilionyesha kwa daftari la masjala kwamba wiki aliyotajwa mara ishirini na tatu yaliombwa majalada kumi na tisa tu, na yote yalitoka siku ile ile. Chini ya anwani aliandika neno ambalo watumishi wote hufundishwa kuliandika: *Kupitia kwa Mkuu wa Utawala.*

Tarishi alikuwa amekaa juu ya meza ya masjala, miguu inaning'inia, akiisoma barua kwa kunong'ona. Huyu alikuwa mtu wa mizaha aliyezunguka ofisi nzima na mkoba wa barua, na ndiye peke yake aliyekuwa bado akiingia chumba kile bila sababu. Kwenye Duara naye alimtaja kama wengine, kisha akaja kuomba radhi kila mara. "Nina watoto wanne, kaka," alikuwa akisema. "Nikisema hakuna, kesho ni mimi."

Sasa alifika kwenye lile neno, akaruka chini.

"Kupitia kwa nani? Kaka, una homa? Unamshitaki mtu halafu unampa mashitaka akupelekee?"

"Ndiyo njia yake."

"Njia ya kaburini. Mwenyekiti yuko ghorofa ya tatu. Nipe hii, naipandisha sasa hivi, naiweka chini ya miwani yake. Dakika mbili."

"Na akiniuliza imepitia wapi?"

"Mwambie imepitia dirishani!"

Karani akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Akagonga mhuri barua na nakala yake, nakala akaifungia kwenye droo, barua akaitia kwenye bahasha. "Mpelekee Mkuu. Asaini kwenye daftari lako."

Tarishi alikwenda, akarudi, akatupa daftari la kupelekea barua mezani. Mahali pa saini palikuwa patupu.

"Kacheka, kaka. Kasema sisi ni familia, ndugu hawasainishani. Lakini kaipokea, nimemwona kwa macho yangu. Kasema ataiwasilisha."

Wiki ikapita, na ya pili. Duara likaendelea, na kila asubuhi Mama Tabasamu alipomfikia alimwinamia kidogo zaidi, akamuuliza kwa sauti laini zaidi, "Na wewe, mpendwa wetu, bado hakuna aliyekukwamisha?" Watu walicheka. Dokezo la Jumatatu likaja, likawa folio ya 57. Kisha, siku ya Jumatano, ikaja barua ya Kamati: karani wa masjala anaitwa Alhamisi ya wiki ijayo kujieleza kuhusu utendaji ulioporomoka, na jalada lake binafsi litangulie kufika. Aliipa namba: 58. Jumatatu iliyofuata dokezo halikuja.

Alhamisi yenyewe asubuhi alilitoa jalada, akalifungua mezani kulikagua kama alivyokagua mengine yote kabla hayajatoka. Alipitisha kidole kwenye pembe za juu kulia. 55. 56. 57. 58. Akarudia. Barua yake haikuwemo. Kama Mkuu angeiwasilisha, nakala moja ingerudi masjala ifungwe jaladani. Haikurudi kwa sababu haikwenda popote.

Akafungua droo, akaitoa nakala. Tarishi aliingia kulichukua jalada, akaelewa bila kuambiwa.

"Iingize," alinong'ona. "Iingize upesi. Ipe 58, hiyo ya wito ifanye 59. Nani atajua?"

"Nikwangue namba?"

"Kwangua, kaka! Wao wamekukwangua mwaka mzima!"

Karani aliuchukua wembe wa kuchongea penseli. Aliuweka juu ya ile 58 nyekundu. Mkono haukwenda. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukwangua namba, na alihisi kuwa akiikwangua hii, zile maelfu na malaki nyuma yake zote zitakuwa uongo. Akaurudisha wembe mahali pake. Ulikuwepo utaratibu wa karatasi iliyochelewa: hupewa namba ya folio inayoitangulia, ikaongezewa herufi, na aliyeiingiza huweka saini ndogo na tarehe ya siku hiyo. Ni utaratibu mwema, uliotungwa ili mtu asidanganywe. Akaifunga nakala mahali pake kati ya dokezo na barua ya wito, na pembeni, kwa wino mwekundu, akaandika 57A. Akatia saini. Akaandika tarehe.

"Haya," alisema, akahisi kifua kimefunguka kidogo. "Sasa wataisoma."

Kamati ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu, na Mama Tabasamu pembeni, na glasi ya maji mbele ya kila mmoja isipokuwa kiti cha karani. Mwenyekiti alivaa miwani, akafunua jalada kutoka nyuma kuja mbele. Kidole chake kiliposimama, karani alijua kimesimama wapi.

"Hii A ni ya nini?"

"Ni folio iliyochelewa, Mheshimiwa. Ni barua yangu kwenu."

"Aliyeiweka ni nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Tarehe imo."

Mwenyekiti aliinua macho polepole. "Wewe. Leo asubuhi. Ndani ya jalada lako mwenyewe, lililoitwa na Kamati."

"Nilifuata utaratibu wa karatasi zilizochelewa, Mheshimiwa. Ndiyo maana nikaandika A. Barua niliipitisha kwa Mkuu wiki tatu zilizopita. Ina mhuri wa kupokelewa."

Mama Tabasamu alishusha pumzi kama mama aliyechoshwa na mwana anayempenda. "Waheshimiwa, mhuri unakaa kwake. Hakuna mwingine anayeugusa. Mimi barua hii ndiyo naiona leo. Mnaona wenyewe ninachoishi nacho. Nami nampenda kama kaka yangu wa tumbo moja."

"Tarishi ndiye aliyeipeleka," alisema karani. "Muulizeni."

Tarishi akaitwa. Aliingia akiwa ameukumbatia mkoba wake tumboni. Mwenyekiti akamuuliza kama aliwahi kumpelekea Mkuu wa Utawala barua ya karani huyu. Tarishi alimtazama Mwenyekiti, akamtazama Mama Tabasamu, ambaye alimtikisia kichwa kwa upole kumtia moyo, kisha akatazama zulia.

"Napeleka barua nyingi, Mheshimiwa."

"Hii je?"

"Sikumbuki."

"Daftari lako lina saini?"

"Halina, Mheshimiwa."

Hakuna aliyeisoma ile barua. Kurasa tatu zilikaa pale zimefunuliwa, za Jumapili mbili, na wajumbe walizungumza juu yake kama watu wanaojadili doa kwenye kitambaa. Utendaji ulioporomoka, alisema mjumbe mmoja, ungeweza kupewa onyo na mtu akamalizia miezi yake. Lakini karani wa masjala anayechezea kumbukumbu, hilo halina onyo. Mjumbe wa pili, mzee mwenye sura ya huruma, alimuuliza kwa udadisi wa kweli: "Lakini ndugu yangu, kwa nini uliandika A? Ungeiacha bila namba, tungedhani imesahauliwa humo."

Jibu karani alikuwa nalo, lakini halikuwa jibu linaloweza kutamkwa mbele ya watu wale.

"Ndivyo inavyofanywa," alisema.

Barua ya kumwondoa kazini ilifika masjala asubuhi iliyofuata, dakika chache kabla ya Duara. Tarishi aliileta. Hakukaa juu ya meza. Alifungua daftari la kupelekea barua, akalisogeza mbele bila kuinua uso.

"Saini hapa, kaka. Hii… hii kasema lazima isainiwe."

Karani akasaini.

"Kaka, wallahi nilitaka…"

"Nenda. Duara linaanza."

Tarishi akaondoka mbio, mkoba ukimgonga mguuni.

Pamoja na barua kulikuwa na dokezo fupi: folio batili iondolewe na kurudishwa kwa Mkuu wa Utawala, barua hii iwekwe jaladani, jalada lifungwe, funguo zikabidhiwe kabla ya saa nne. Hakuwepo mwingine wa kuyafanya hayo. Karani akavua koti, kwa kuwa siku zote alifanya kazi bila koti, akafungua uzi, akazichomoa zile kurasa tatu na kuzitia kwenye bahasha. Aliitoboa barua ya kuondolewa, akaifunga, akaandika 59. Kisha, kwa mazoea tu, akapitisha kidole pembeni kukagua.

56. 57. 58. 59.

Kidole kilirudi chenyewe. 57. 58. Hapakuwa na kitu. Zilifuatana safi kama siku zote, hazikuruka, hazikujikwaa. Angelikwangua, barua yake ingelikuwa 58 na ya wito 59, na leo kunyofolewa kwake kungeliacha pengo ambalo mkaguzi yeyote, hata baada ya miaka thelathini, angeliliona na kuuliza: hapa palikuwa na nini? Lakini A haihesabiwi. A ikitoka, jalada halijui kwamba kulikuwa na kitu. Ni yeye aliyeiandika hiyo A, kwa mwandiko wake mzuri, na kutia saini.

Alilitazama jalada lake mpaka namba zikaanza kuogelea. Toka barua ya ajira hadi ya kuondolewa halikuwa na dosari. Lingeweza kuaminiwa hata na adui yake.

Akachukua kalamu, akaandika juu ya ganda: *Limefungwa. Folio ya mwisho: 59.* Akaweka tarehe. Akalirudisha kwenye rafu, mahali pake, katikati ya mengine.

Ng'ambo ya ukuta viti vilikuwa vimekwisha kusukumwa. Alisikia sauti laini ikiuliza nani amewakwamisha jana. Kukawa kimya kirefu, kimya cha watu kumi na saba wanaotafuta jina na hawalipati, kwa kuwa jina lao la kila siku halikuwepo ukumbini. Kisha sauti ya dada wa mapokezi, nyembamba, isiyo na uhakika:

"Tarishi, Mkuu. Amechelewa Duara."

"Tarishi," alisema mpima ramani.

"Tarishi."

Karani alikaa kwenye kiti chake, funguo mkononi, akisikiliza. Akazihesabu sauti, kwa kuwa hakujua kusikiliza bila kuhesabu. Zilipofika kumi na sita zamu ikamfikia tarishi mwenyewe, na rafiki yake huyo, kwa sauti iliyovunjika katikati, akajaribu bahati yake:

"Masjala, Mkuu."

Kikapigwa kicheko, cha watu wote kwa pamoja.

"Mpendwa wetu," ilisema ile sauti laini, "masjala haina mtu."